Tini haivundikwi: jibu kwa msomaji wa Buswelu

Swali lenyewe lilikuwa hivi: "Bwana shamba shikamoo. Niko Buswelu hapa Mwanza. Nina mtini nyuma ya nyumba, una miaka mitatu sasa, mche nilinunua barabarani tu kwa wauza maua. Umekua mpaka unagusa bati, majani makubwa kama sahani, na tini zimejaa, nimehesabu nikaishia mia na kitu. Shida haziivi. Tangu mwezi wa nane ziko saizi ya gololi, kijani vilevile, ngumu. Mwezi wa saba nilipata tatu tu zilizoiva, kwenye kitawi kipya kilichochungulia juu ya ukuta, tamu sana. Mbolea naweka ya kuku kila mwezi, maji nikikumbuka. Sasa nimesoma kwenye simu kwamba ikifika Novemba unatakiwa utoe tini zote mbichi ubakize zile ndogo kama njegere. Mama mkwe yeye anasema nizichume nizivundike kwenye debe na ndizi kama maembe. Nifuate lipi?"

Marahaba mdogo wangu, na asante kwa kuhesabu, maana wengi wananiambia "matunda mengi" tu alafu nabaki nakisia. Nikupe jibu kwanza ili hata ukiitwa jikoni hapa katikati uwe umelipata: usizitoe zote, na usizivundike. Punguza karibu nusu kwa utaratibu nitakaokueleza, hiyo mbolea ya kuku isimamishe leo leo, na fungua jua liingie kwenye matawi. Zilizobaki ziache mtini uzimalizie wenyewe.

Nianze na la mama mkwe maana ni la heshima na lina mantiki yake. Kwa embe yuko sahihi kabisa, kwa ndizi yuko sahihi, parachichi ndio usiseme. Haya matunda unayachuma yamekomaa lakini magumu, ndani yana akiba yake tayari, ukiyafunika kwenye debe au kwenye majani ya mgomba ile hewa yanayoitoa yenyewe inayaivisha. Tini haina akiba ya namna hiyo. Sehemu kubwa ya sukari yake inaingia siku za mwisho mwisho kabisa ikiwa bado imening'inia mtini, inatoka kwenye majani inapita kikonyoni, kwahiyo ukiikata kabla ya hapo umekata bomba. Utaivundika wiki nzima, italainika kidogo, itanyauka, rangi inaweza hata kubadilika, lakini ukiuma ni kama unauma sponji lenye utomvu. Na tafadhali sana asije mtu akakushauri kabaidi ile wanayowekea ndizi sokoni. Ile ni sumu kwa mwekaji na kwa mlaji, na kwenye tini mbichi haikusaidii hata chembe.

Sasa hilo la simu. Ushauri huo sio uongo, ila ni wa kwao. Umeandikwa kwa watu wa Uingereza na nchi za baridi, ambako mtini mwezi wa kumi na moja unapukutisha majani na unalala mpaka masika yao. Tini iliyofika saizi ya gololi wakati huo haiwezi kuiva tena, baridi itaigandisha, itaoza hapo hapo tawini na kula nguvu bure, ndio maana wanazitoa. Zile ndogo kama njegere zilizoko kwenye ncha za matawi zinavumilia baridi, zinalala na mti, kiangazi kinachofuata zinaamka na kuiva. Kwao ni ushauri mzuri na hata mimi ningekuwa huko ningefanya hivyo.

Ila wewe uko Buswelu. Uko digrii mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, mita elfu moja na mia na kitu juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko hapo linatutunzia joto usiku. Mtini wako haulali. Hata ukipukutisha majani kidogo kiangazi kikikaza, hiyo ni kiu sio baridi. Kwahiyo ukizing'oa zote hizo mia kwa sababu ya kalenda ya watu wengine utakuwa umetupa matunda ambayo mengine yalikuwa na uwezo kamili wa kuiva. Hapa kwetu kalenda ya kuangalia ni ya mvua, na hiyo nitaifikia.

Kwanza lazima uelewe tini inavyokua, maana hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa mapema. Tini haikui kwa mstari mmoja kama nyanya. Inakua kwa awamu tatu. Ya kwanza inatoka kama njegere kwapani mwa jani na inakimbia haraka, wiki chache tu imefika gololi. Alafu inasimama. Awamu ya pili ni usingizi, unaiangalia kila asubuhi haiongezeki, haibadiliki rangi, mtu anasema mti umelogwa. Kawaida usingizi huo ni wiki tatu mpaka sita hivi, kwenye kivuli unazidi. Alafu ya tatu inakuja kwa kasi ambayo usipoangalia siku mbili unaikosa: tini inavimba karibu mara mbili, rangi inageuka, shingo inalegea, inainama chini kama mtu aliyesinzia kwenye daladala. Kutoka kuvimba mpaka kuliwa inaweza kuwa wiki moja tu.

Zako ziko gololi tangu mwezi wa nane, sasa ni wa kumi na moja. Huo umezidi kuwa usingizi wa kawaida. Kuna kitu kinazikwamisha, na kwenye maelezo yako mwenyewe umeshakitaja bila kujua.

Lakini kabla ya hapo nikuondolee hofu moja kubwa, maana kuna mitini ambayo hata uitunze kama mtoto mchanga haitaivisha kamwe. Tini unayoiona kama tunda kwa kweli ni kifuko, na maua yako ndani, mamia, ndio maana hujawahi kuuona mtini umechanua. Kuna mitini ya aina ya kawaida ambayo tini zake zinaiva zenyewe bila kuchavushwa, na kuna aina ya Smyrna (huo mji siku hizi ni Izmir, Uturuki) ambayo lazima nyigu mdogo sana aingie kwa kile kitobo cha chini, tunakiita jicho, alete chavua kutoka mtini dume. Nyigu asipokuja, tini inafika saizi ya ncha ya kidole gumba, inageuka njano, inasinyaa na kudondoka, ukiipasua ndani ni tupu na kavu. Wakulima wa Kalifonia walileta mitini hiyo miaka ya 1880 na tini zikawa zinadondoka kila mwaka, mpaka nyigu alipoletwa na kukubali kuishi huko mwaka 1899. Nyigu huyo wa mtini sisi huku hatunaye. Kuna watu wanasema panda karibu na mkuyu, mbona kuyu zina vijidudu ndani. Ni kweli mkuyu ni ndugu wa mtini, na aliyekulia pembeni ya ziwa anajua, ukipasua kuyu lazima upulize vidudu kwanza ndio ule, lakini wale ni nyigu wa mkuyu, wana mti wao na hawahangaiki na mtini.

Nimeshamkuta mzee mmoja upande wa Nyegezi alipanda mbegu za tini kavu, zile zinazouzwa sana Ramadhani, mti ukaota vizuri mno, akausubiri miaka sita. Kila msimu tini zinakuja, zinadondoka. Nilipopasua moja ndani ilikuwa nyeupe kama pamba ya mto, kavu. Mbegu za tini kavu mara nyingi ni watoto wa Smyrna na dume, unaweza kupata chochote, hata mti dume mtupu. Nilimwambia ukweli, iliniuma kumwambia, akaukata akapanda kipande cha tawi kutoka mti unaojulikana. Mtini unapandwa kwa kipande cha tawi, mbegu ni bahati nasibu.

Wa kwako sio hivyo, na ushahidi ni zile tini tatu za mwezi wa saba. Ziliiva, zilikuwa tamu, na zilitoka kwenye kitawi kipya. Mti ambao unahitaji nyigu usingekupa hizo. Kwahiyo aina yako ni nzuri, usisikilize mtu anayekwambia uukate.

Na zile tatu zinatuambia kitu kingine, zilikuwa wapi? Juu ya ukuta. Juani. Hapo ndipo shida yako ilipo kwa sehemu kubwa. Mtini unataka jua la moja kwa moja masaa sita kwenda juu, sio mwanga wa kuakisiwa. Nyuma ya nyumba, ukuta huku, bati huku, na nina uhakika kuna mwembe au mparachichi wa jirani unaokuletea kivuli kuanzia mchana. Majani yaliyoko kivulini yanakula yanachopika, hayabaki na cha kupeleka kwenye tunda. Kwahiyo tini inabaki gololi.

La pili ni hiyo mbolea ya kuku kila mwezi. Mdogo wangu, hiyo ni moto. Mbolea ya kuku ina naitrojeni nyingi sana, na mtini ukiipata nyingi unafanya kitu kimoja tu: majani. Umesema majani kama sahani, umesema umegusa bati kwa miaka mitatu, yaani mti unakimbia, kila siku unatoa jani jipya kwenye ncha na kila jani jipya ni mdomo mpya unaokula mbele ya matunda. Ncha ndio inashiba, gololi zinasubiri. Simamisha. Mtini ni mti wa mawe na ukame, hauhitaji kubembelezwa hivyo. Debe moja la samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, mara moja kwa mwaka mwanzo wa mvua, kwa mti wa saizi yako inatosha. Majivu ya kuni makopo mawili, tawanya kuzunguka mti mbali na shina, mara mbili kwa mwaka, kwa ajili ya potasiamu, na yasikutane na samadi mbichi siku moja maana yanaipeperushia nguvu yake hewani.

La tatu maji ukikumbuka. Hili nalielewa, bomba zetu zina siku zake. Lakini mti ukikauka wiki mbili alafu ukapata ndoo sita kwa mpigo, unashtuka, unaangusha matunda au unayasimamisha. Afadhali ndoo mbili za lita 20 mara mbili kwa wiki wakati wa kiangazi, bila kukosa, kuliko mafuriko ya mara moja. Mvua zikianza acha kabisa.

Haya, sasa hizo mia na kitu. Subiri jioni, jua likishapoa, vaa mikono mirefu na glavu. Hilo la glavu sio mapambo, nitakwambia kwanini baadaye. Chukua tawi moja, lishike, ulisome kuanzia chini kwenda kwenye ncha. Utaona kila jani limebeba tini yake kwapani, na pale jani lilipoanguka kuna kovu na tini imebaki peke yake. Tini zinaiva kwa foleni, ya chini ndio ya kwanza maana ndio ilitoka kwanza, kwahiyo ya tano haiwezi kuitangulia ya kwanza. Kwa tawi lako la kawaida fanya hivi, bakiza tini nne mpaka sita za chini zenye jani zima la kijani karibu yake, kwenye tawi la juani hata nane. Zile ambazo hazina jani kabisa kwenye sehemu hiyo ya tawi toa, hazina wa kuzilisha. Zilizosinyaa au zenye doa laini jeusi toa. Zile ngumu za katikati kuelekea ncha, saizi ya gololi ndogo, toa. Zile njegere kabisa za kwenye ncha ziache tu, hazili kitu kwa sasa na ndio mavuno yajayo.

Ukimaliza hapo, ncha ya kila tawi linalobeba ifinye kwa kucha, yaani kile kichipukizi cha juu kabisa chenye umbo la mkuki, kivunje. Kitatoa tone jeupe. Ukifanya hivyo tawi linaacha kukimbia kwa wiki kadhaa na chakula kinarudi nyuma kwenye matunda. Kwa watu wengi hii peke yake ndio imeamsha gololi zilizolala. Ila usifinye zote, matawi mawili matatu yaache yaendelee kukupa matawi ya msimu ujao.

Unataka kujua kama zinakaribia au bado zinalala? Toa moja kafara. Ipasue kwa kisu katikati kuanzia kikonyo mpaka jicho. Kama ndani ni nyeupe yote na utomvu unamwagika, bado. Kama zile nyuzi za maua katikati zimeanza kuwa na rangi ya waridi, hata ya mbali, basi foleni imeanza kusogea, usiguse kitu.

Na kwa hizo zenye waridi kuna ufundi wa zamani sana, wa mafuta. Unachukua mafuta ya zaituni, ile chupa ndogo ya famasi inatosha mwaka mzima, unachovya njiti ya pamba ya masikio na unapaka tone moja kwenye jicho la tini, pale chini tu, usipake mwili mzima. Tini inatoa ile hewa ya kuivisha mapema na ndani ya wiki moja hivi inavimba na kulainika, wenzake bado. Nimefanya mara nyingi, inafanya kazi. Lakini ukiipaka ile inayolala bado, nyeupe ndani, inadondoka au inaiva maji maji bila ladha. Na sipendi mtu aipake miti mizima, tunda lililoharakishwa haliwi tamu kama lililojisubiria. Itumie kwa tini kumi unazotaka kuziwahisha mvua haijazipasua. Watu wa kale walikuwa wanachanja tunda la mkuyu kwa kisu kwa sababu hiyo hiyo, yule nabii Amosi kwenye Biblia anajitaja kuwa mtunza mikuyu, na wanaojua mambo hayo wanasema ndio kazi iliyokuwa ikifanyika.

Kuhusu utomvu sasa. Ule weupe unaotoka kwenye kikonyo, kwenye jani, kwenye tini mbichi, una kitu ambacho kikikaa kwenye ngozi alafu ngozi ikapigwa na jua kinaunguza. Sio hapo hapo, ni kesho yake au keshokutwa. Mimi mwaka fulani nilipogolea mitini saa tano asubuhi na mikono mitupu, nilijua tu unawasha kidogo, siku ya pili nikaamka na malengelenge kuanzia kiganjani mpaka kwenye kiwiko kama niliyemwagikiwa uji wa moto, na mabaka meusi yalikaa miezi. Kwahiyo jioni, glavu, sabuni na maji mengi mara ukimaliza, watoto wasichezee zile ulizotoa, na usijipanguse macho. Kisu kikinata futa kwa mafuta ya taa kidogo.

Hizo ulizotoa usizile mbichi, zitakuwasha mdomo na tumbo. Lakini pia usizitupe zote! Zile changa, ngumu, zisizozidi gololi, wenzetu wa Ugiriki na Uturuki wanapika jamu yake na ni tamu mno. Menya ngozi ya juu kidogo ukiwa na glavu, au kata msalaba tu pale kwenye jicho, chemsha dakika kumi na tano, mwaga maji yote. Weka maji mapya, chemsha tena, mwaga. Mara ya tatu tena. Hapo uchungu na utomvu umetoka, zimelainika, ziminye taratibu zitoe maji. Alafu sukari uzito sawa na tini, maji kikombe, karafuu mbili tatu au iliki, moto mdogo mpaka sharubati iwe nzito inavutika kwenye kijiko, mwishoni kamulia limau moja. Weka kwenye chupa iliyochemshwa. Mpelekee mama mkwe chupa ya kwanza, itamfariji kuhusu lile debe.

Angalia pia chini ya majani. Huku kwetu na huu unyevu wa ziwa kuna kutu, ugonjwa wa ukungu, unaona vidoa vya kahawia juu ya jani na chini yake unga wa rangi ya chungwa unaobaki kwenye kidole ukipitisha. Ukizidi majani yanapukutika yote wiki mbili, na tini zinabaki kama shanga kwenye tawi tupu, hizo haziivi tena kwa sababu niliyokwisha kukueleza. Okota majani yaliyoanguka uchome au ufukie mbali, usimwagie maji juu ya majani, mwagia chini tu, na ukiona unaanza mapema nunua dawa ya ukungu yenye kopa, fuata kipimo cha kwenye pakiti na siku za kusubiri kabla ya kula.

Udongo sijauona lakini Buswelu na sehemu kubwa ya mji ni ile luseni, kichanga cha mawe yetu haya, maji yanapita kama kwenye chujio. Weka matandazo, majani makavu au pumba za mpunga, unene wa kiganja, yasiguse shina. Magugu maji ya ziwani pia yanafaa sana, ila yaanike mpaka yakauke kabisa kwanza, mabichi yanaoza na kunuka. Kichanga kina tatizo jingine, minyoo fundo. Chimba kidogo pembeni uangalie mizizi midogo, ikiwa na vinundu vinundu kama tangawizi basi wapo, na mti wenye minyoo hauna nguvu ya kumalizia matunda hata ufanye nini. Haiishi kabisa, lakini samadi iliyooza, matandazo, na kupanda marejea au bangi mwitu (lile gugu lenye harufu kali, sio bangi ya kuvuta) kuzunguka mti kunapunguza.

Zikianza kuiva utapata wageni. Ndege, popo usiku, na nzi. Popo na ndege funika kwa kipande cha wavu wa dagaa uliochakaa, uliza pale soko la samaki mwaloni Kirumba utapata, au vaa kila tini bahasha ya kaki kama zile za karanga. Plastiki hapana, inatoa jasho ndani na tini inaoza. Nzi wa kuangalia ni mdogo, kahawia wa njano, macho mekundu, na ana michirizi myeupe kutoka kichwani kwenda mgongoni. Ni wa Afrika yetu hii hii, alipofika Brazili mwaka 1999 wakulima wa tini wa huko walipata hasara kubwa. Anataga kwenye jicho tini inapoanza kulainika, kwahiyo tini iliyopasuka, iliyoanguka au iliyochacha isilale chini hata usiku mmoja, fukia. Wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi jioni hawana shida na tini, wanakera tu taa zako.

Kuchuma, usiangalie rangi peke yake. Shingo imeinama, ukiibonyeza kwa upole inabonyea pande zote, ngozi ina michirizi midogo kama imekuwa ndogo kwa mwili, wakati mwingine jicho lina tone kama asali. Ukiikata na kikonyo kikatoa maziwa mengi, umewahi, ngoja siku mbili kwa zinazofuata. Sasa hivi kwa sababu vuli imeanza, usisubiri tone la asali, chuma inapoinama tu maana mvua moja kubwa inaipasua na kesho yake imechacha.

Na hii ndiyo kalenda niliyokuahidi. Kuanzia mwisho wa Januari mpaka katikati ya Februari, ukishachuma za kuchuma, pogolea mti. Bakiza shina na matawi makuu manne matano yaliyofunguka kama kikombe, urefu usizidi kifua chako, kila tawi lililokuwa linabeba kata ubakize macho mawili matatu tu. Utaogopa, mti utaonekana kama umeuua. Masika ikija utachipua kwa nguvu, tini zitatoka na vitawi vipya Aprili na Mei, zitalala Mei na Juni, na zitaingia awamu ya tatu Julai mpaka Septemba, jua kali, hakuna mvua ya kupasua, kutu kidogo. Angalia mwenyewe zile tatu zako za kwanza ziliiva mwezi gani. Toka kupogolea mpaka kuanza kuchuma hesabu kama miezi mitano. Vipande unavyokata, vile vya unene wa kidole gumba, urefu wa shibiri, chomeka kwenye kopo la mchanga kivulini, vingi vitaota.

Na kuhusu huo mwembe au mparachichi, zungumza na jirani sasa, kabla ya hiyo Februari, kwa upole, mwombe akate tawi moja tu lile linaloleta kivuli cha mchana. Ukimwahidi kopo lenye mche wa mtini atakusikiliza. Wiki hii anza na tawi moja, lile la upande wa ukuta, pasua tini moja uangalie ndani, na uniambie umekuta nyeupe au waridi.